Busu la jukwaani lipangwe na nani? Njia nne kwa vikundi vya maigizo vya Dar es Salaam

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa meneja wa jukwaa wa kikundi kilichofanya mazoezi kwenye ukumbi wa kukodi Kinondoni, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Igizo lilimhusu mume anayerudi nyumbani baada ya miaka sita melini. Kwenye andiko, mapokezi yake yalikuwa mstari mmoja tu: wanakumbatiana kwa mapenzi, taa zinafifia. Wiki tatu nzima, kila tulipoufikia mstari huo, mwongozaji alisema, "Hapo mtamalizia wenyewe, tuendelee." Siku nne kabla ya onyesho akataka kuuona. Kaka aliyecheza mume akafanya alichodhani kinatakiwa. Dada aliyecheza mke akamaliza zoezi kimya, akachukua mkoba wake, akaniambia, "Kaka, nawahi gari la Mbagala." Hakurudi tena, na simu hakupokea.

Tulimpata mwingine, onyesho likafanyika, watu wakapiga makofi. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kila hatua ya waigizaji kwenye daftari la jukwaa: nani anaingia kwa mlango upi, nani anaweka glasi wapi. Niliporudi kwenye ukurasa ule nilikuta nafasi tupu. Glasi ilikuwa na maelezo. Mwili wa yule dada haukuwa nayo.

Makala hii ni kwa mwongozaji, mtayarishaji au kiongozi wa kikundi mwenye igizo lililo na busu, kulala kitanda kimoja, kuvua nguo, kujifungua au kubakwa, na bado hajaamua ampe nani kazi ya kulipanga tukio hilo. Njia ninazoziona hapa Dar ni nne: mwongozaji apange mwenyewe, aitwe msanifu wa faragha kutoka nje, kikundi kimfundishe mtu wake, au tukio liashiriwe bila kuonyeshwa.

Msanifu wa faragha ni mtu gani

Kiswahili bado hakina jina moja lililozoeleka kwa kazi hii. Nimechagua "msanifu" kwa sababu anachokifanya ni kusanifu miondoko ya miili miwili au zaidi, kama anavyofanya mtu wa ngoma.

Kazi yenyewe ilianza kupata umbo Marekani. Mwaka 2006 Tonia Sina, akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika Virginia Commonwealth University, aliandika tasnifu kuhusu kuyapanga matukio ya mapenzi jukwaani kwa utaratibu, kama mapigano yanavyopangwa. Mwaka 2016 yeye, Alicia Rodis na Siobhan Richardson wakaanzisha shirika la wasanifu wa faragha, Intimacy Directors International. Oktoba 2017 wimbi la #MeToo, la wanawake kusema hadharani unyanyasaji wa kingono waliofanyiwa, likazifanya kumbi na studio nyingi zitafute watu wa aina hiyo, na mwaka 2019 Claire Warden akawa wa kwanza kufanya kazi hii kwenye onyesho la Broadway, zile kumbi kubwa za maigizo za New York.

Kwenye filamu mtu huyu huitwa mratibu, na mazingira yake ni tofauti. Kamera ikishanasa tukio, limekwisha. Jukwaani busu lile lile litarudiwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mbele ya watu, na huenda msanifu mwenyewe ameshaondoka. Kwa hiyo anachokiacha lazima kiandikike na kifundishike.

Anaanza kwa kusoma andiko na kumuuliza mwongozaji: busu hili linasimulia nini? Ni la kuagana, la kulazimishwa, au la watu waliozoeana miaka ishirini? Kisha anazungumza na kila mwigizaji peke yake kuhusu mipaka ya mwili wake kwa kazi hiyo: mabega sawa, mgongo sawa, kiuno hapana. Hamuulizi kwa nini. Baada ya hapo tukio linavunjwa vipande. Mkono wa kulia unatoka begani hadi kwenye kiwiko kwa hesabu nne, pumzi moja, vichwa vinainama, midomo inakutana kwa hesabu mbili, anayeachia kwanza ni mke. Lugha yake haina ashiki. Hasemi "mpapase", anasema "telezesha kiganja, uzito mdogo". Mwisho kuna kufunga: wawili wanatazamana, wanavuta pumzi pamoja, wanaitana kwa majina yao halisi na kuwaacha wahusika pale pale jukwaani. Waanzilishi wa kazi hii waliikusanya katika nguzo tano: muktadha, mawasiliano, ridhaa, mpangilio wa miondoko na kufunga.

Hakuna mwongozaji wa Dar es Salaam ninayemfahamu anayewapa waigizaji wawili mapanga, hata ya bati, akawaambia wamalizie wenyewe. Mapigano hupangwa, huhesabiwa na hurudiwa polepole kabla ya kila onyesho. Ninachokitetea ni kwamba busu lipewe heshima hiyo hiyo.

Vigezo vinne

Kigezo cha kwanza ni ridhaa: je, mwigizaji anaweza kusema hapana, au kubadili mawazo, na nafasi yake ikabaki? Hiki ndicho ninachokipa uzito kuliko vingine, na nakisema mapema ili msomaji ajue mizani yangu imeelemea wapi. Cha pili ni kurudiwa: tukio litakuwa lile lile usiku wa sita kama usiku wa kwanza? Cha tatu ni gharama, na humo nimeuweka muda, maana kwa vikundi vingi vyetu jioni tatu za mazoezi ni ghali kuliko bango. Cha nne nimekiita jamii: hadhira iliyokuja na watoto na bibi, familia ya mwigizaji, vibali, na ile simu ya mkononi iliyoinuliwa safu ya nne. Kipande cha sekunde kumi kikikatwa na kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp, hakiendi na igizo zima. Kinaenda na sura ya dada mmoja.

Njia ya kwanza: mwongozaji apange mwenyewe

Ridhaa. Hapa njia hii inachechemea hata mwongozaji akiwa mtu mwema kabisa. Yeye ndiye anayegawa nafasi, ndiye atakayemkumbuka mtu kwenye igizo lijalo, na mara nyingi ndiye anayegawa nauli. Binti wa miaka ishirini na mbili aliyemwamkia shikamoo saa kumi na moja hawezi kumwambia saa kumi na mbili kwamba mkono ule umekaa pabaya. Atasema, "Sawa mwalimu." Sawa hiyo ni adabu; ridhaa ni kitu kingine. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ipo, na sheria ya rushwa ya 2007 inaitaja rushwa ya ngono waziwazi, lakini sheria hizo zinamshughulikia mhalifu. Hazimsaidii mwigizaji ambaye hakuna aliyekusudia kumdhuru, ila hakuna aliyemuuliza.

Mwongozaji anaweza kuupunguza uzito wake. Aeleze siku ya usaili ni nini hasa kimo kwenye andiko, kabla mtu hajaikubali nafasi. Aulize kuhusu mipaka kwa maandishi, siyo mbele ya kikundi. Amweke mtu mwingine, meneja wa jukwaa au mwigizaji mkongwe, awe ndiye anayepelekewa malalamiko. Atakuwa bado ni bosi anayeuliza, lakini angalau ameuliza.

Kurudiwa. Nguvu yake ni kwamba anaijua hadithi kuliko yeyote, na akilipanga tukio kwa hesabu linaweza kusimama imara. Udhaifu wake ni mahali anapokaa. Siri ya mtungi aijuaye kata: kutoka safu ya tatu ataona kumbatio zuri, na asijue kwamba kidole kimoja kimeingia kisipotakiwa.

Gharama. Haina gharama ya ziada isipokuwa muda, na muda ndio waongozaji wengi wanaokwepa kuutoa kwa sababu wao wenyewe wanaona haya. Haya si kosa. Kinachoumiza ni kulisogeza tukio mpaka wiki ya mwisho kwa sababu ya haya.

Jamii. Anaijua hadhira yake, anajua kipi kitapita Mbagala na kipi kitapita Upanga.

Inamfaa mwongozaji ambaye tukio lake ni dogo, waigizaji wake ni watu wazima wa rika lake wanaoweza kumpinga na kweli humpinga, na yuko tayari kulipanga tangu wiki ya kwanza.

Njia ya pili: msanifu aliyesomea, kutoka nje ya kikundi

Ridhaa. Faida yake kubwa ni kwamba hagawi nafasi wala nauli. Mwigizaji akimwambia hapana, hapana hiyo haimfuati kwenye igizo lijalo.

Wapo wanaoniambia kwamba kumwita mtu baki kwa jambo la namna hii ni ugeni. Mimi naona pwani yetu imelijua hili zamani. Mwali hafundwi na mama yake mzazi. Anatafutiwa kungwi, anatafutiwa somo, mwanamke mwenye ujuzi na kifua cha kutunza siri, na sababu yake ni hiyo hiyo: mwenye mamlaka juu yako kila siku siye unayeweza kuzungumza naye mambo ya mwili. Tofauti ipo na ni kubwa. Kungwi anamweleza mwali atakachotakiwa kukifanya, msanifu anauliza mwigizaji yuko tayari kufanya nini. Lakini wazo kwamba mambo haya yana mtu wake, lile ni letu.

Tatizo linakuja pale msanifu anapokuwa mgeni wa lugha. Vijana wetu wengi hawakulelewa kulitamka neno "hapana" mbele ya mkubwa. Wanasema "nitajaribu". Wanasema "hamna shida" huku wanatazama sakafu. Wanasema "tutaona", au wanacheka kidogo na kurekebisha kanga. Mtu wa Dar anajua kwamba hizo zote zinaweza kuwa hapana. Mgeni anayesubiri neno lenyewe ataandika kwenye daftari lake kwamba mwigizaji ameridhia. Ukimleta msanifu asiyejua Kiswahili, mwekee mkalimani ambaye hatatafsiri maneno peke yake bali atasema pia, "Hapa amekataa kwa heshima." Na msimtumie mwongozaji kuwa mkalimani huyo.

Kurudiwa. Kwa kigezo hiki njia hii ina nguvu sana, kwa sharti moja: kila hesabu iandikwe kwenye daftari la jukwaa kabla hajaondoka. Akiondoka na mpangilio kichwani, usiku wa tatu waigizaji wataanza kuongeza chumvi, hasa hadhira ikipiga vigelegele.

Gharama. Ndipo wengi wanapokwama. Wengi wa waliosomea kazi hii wako Marekani, Uingereza na Afrika Kusini, na kumleta mmoja ni tiketi ya ndege, viza, malazi na ujira. Kazi kwa njia ya video inawezekana kwa sehemu. Mazungumzo ya mipaka, usomaji wa andiko na mpango wa hatua vinaweza kufanyika hivyo. Uzito wa mkono hauonekani kwenye skrini, hasa intaneti ya ukumbi inapokatika katikati ya hesabu. Kama igizo linafanywa kwa ushirikiano na kituo cha utamaduni cha kigeni au mfadhili, liweke hili kwenye bajeti tangu andiko la kuomba fedha. Fedha zikishatoka, mstari mpya hauingii. Na kama unaweza kumleta mara mbili kwa siku chache, mara moja mwanzoni na mara moja wiki ya taa na maleba, hilo ni bora kuliko kumleta mara moja kwa muda mrefu.

Jamii. Hajui hadhira yetu, na anaweza kupendekeza jambo ambalo kwao ni la kawaida na hapa litavunja onyesho. Lakini hati yake inasaidia. Mume, mzazi, au ofisa wa kibali akiuliza "hapo wanafanya nini hasa?", unaye mtu aliyeandika: hatua kumi na moja, midomo inagusana kwa hesabu mbili, mikono haishuki chini ya mabega.

Inafaa kwa igizo kubwa lenye fedha, lenye uchi au ukatili wa kingono usiokwepeka, au lenye waigizaji kutoka nchi zaidi ya moja ambao kila mmoja amezoea desturi yake.

Njia ya tatu: kikundi kimfundishe mtu wake

Hii ndiyo niliyoifanyia kazi zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Ridhaa. Mtu wa ndani anazisikia zile "nitajaribu" na anazielewa. Anajua nani ameachwa juzi, nani amefunga saumu, nani mumewe anamsubiri nje na pikipiki. Ila ukaribu huo huo ndio hatari yake. Tunakunywa chai pamoja, na alichoambiwa faraghani kinaweza kutoka wakati wa chai. Nafasi hii isipewe mtu anayeigiza kwenye igizo hilo hilo, wala mpenzi au ndugu wa mwongozaji, wala mtu anayejulikana kwa mdomo mwepesi hata akiwa na kipaji gani. Na apewe mamlaka ya kweli: makubaliano ya kikundi yaandike kwamba akisimamisha zoezi, limesimama, na mwongozaji atauliza maswali baadaye.

Sisi tulichagua neno la kusimamisha. "Simama" halikufaa kwa sababu lilikuwa ndani ya mazungumzo ya igizo, tukachagua "maji". Mtu yeyote akisema maji, kila kitu kinakoma, na kweli tunakunywa maji. Jumba lenyewe lilikuwa la bati, Februari, joto la Dar mnalijua. Ilichukua wiki mbili kabla mtu hajalitumia kwa sababu nyingine zaidi ya kiu. Siku mwigizaji mmoja wa kiume alipolitumia katikati ya tukio la kitandani, nilielewa kwamba tulikuwa tumewafikiria wanawake tu. Mipaka ya yule kaka hatukuwa tumewahi kuiuliza. Kila mtu alidhani mwanamume hana.

Kurudiwa. Hapa mtu wa ndani anashinda kwa jambo moja la kawaida: yupo kila usiku. Dakika kumi kabla milango haijafunguliwa tunalipitia tukio mara tatu. Mara ya kwanza kwa maneno tu, waigizaji wamesimama mbali. Mara ya pili mikono bila midomo. Mara ya tatu kwa kasi yake. Mwigizaji akiwa na mafua, au ameamka vibaya, siku hiyo busu linahamia shavuni, na toleo hilo la shavuni lilishapangwa tangu zamani, halibuniwi nyuma ya pazia.

Gharama. Ni posho ya mtu mmoja na muda wa kumfundisha. Watu wa kuanzia nao tunao. Anayetoka kwenye ngoma anajua kuhesabu na kugusa mwili wa mwenzake kikazi, na waliopita Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanza 1981 na leo ni TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), au idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana msingi huo tayari. Ngoma zetu zinawafundisha watu kuzungusha nyonga mbele ya wazee bila mtu kumgusa mtu isivyopaswa. Huo ni ujuzi wa mipaka. Linalobaki ni sehemu ya ridhaa na ya kufunga. Taasisi kama Theatrical Intimacy Education, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2017 na Chelsea Pace na Laura Rikard, huwafundisha mbinu hizi walimu na waongozaji, na mafunzo kwa njia ya mtandao yapo. Kikwazo ni Kiingereza na ada. Kikundi kimoja kikimlipia mtu mmoja kisha akavifundisha vikundi vitatu kwa Kiswahili, ada imegawanyika.

Tahadhari moja hapa. Aliyehudhuria semina ya saa tatu si msanifu. Anaweza kupanga busu na kumbatio. Tukio la kubakwa au la kuvua nguo zote asilibebe peke yake.

Jamii. Anaweza kuzungumza na familia kwa lugha yao, mwigizaji akitaka. Narudia, akitaka. Kuna dada ambaye nyumbani kwao hawajui kabisa kwamba anaigiza, na siyo kazi yetu kuwaambia.

Inafaa kwa kikundi cha kudumu kinachotoa maigizo kila mwaka na watu wake ni wale wale.

Njia ya nne: kuashiria

Ridhaa. Inaonekana kama imelimaliza tatizo, na kwa sehemu ni kweli. Asiyeguswa haulizwi kuhusu kuguswa. Ila wawili waliosimama nyuma ya kanga, au wanaotengeneza kivuli kimoja mbele ya taa, miili yao bado imekaribiana, na gizani mikono huwa huru zaidi. Kupanga bado kunatakiwa.

Kurudiwa. Inategemea vitu kuliko watu. Mstari wa "taa zinafifia" unamtegemea mtu wa taa na umeme. Onyesho la saa tisa alasiri kwenye viwanja vya Mwembe Yanga halina taa ya kufifia. Jua ndilo taa, na waigizaji watabaki wamekumbatiana mbele ya watu mpaka mmoja abuni cha kufanya. Ishara nzuri ni ile inayofanya kazi mchana.

Gharama. Pea moja ya kanga.

Jamii. Hapa haina mpinzani. Hadhira ya pwani imekulia kwenye mafumbo. Inasoma jina la kanga, inasikia kijembe cha taarabu kabla hakijamalizika. Lile igizo la mume wa melini tulilirudia miaka miwili baadaye. Safari hiyo mume alipoingia, wanawake wawili walivuta kanga iliyoandikwa "Subira huvuta heri" kati yake na hadhira, mke akapita nyuma yake, kisha ukaonekana mkono mmoja tu ukiweka kofia ya baharia juu ya kanga. Bibi mmoja mbele alisema kwa sauti, "Alhamdulillahi." Hakuna busu ambalo lingetupatia sauti ile.

Kwa upande wa vibali, michezo ya kuigiza iko chini ya sheria moja na filamu tangu 1976, na ishara kwa kawaida hulifanya andiko liwe jepesi kulieleza. Lakini njia hii ina mahali inapokosea. Kama igizo lako linahusu kitu ambacho jamii inakifunika, nawe ukakifunika kwa kanga nzuri, umeungana na jamii. Nimewahi kuona kubakwa kukichezwa kwa vitambaa vyekundu na ngoma polepole, kukawa kuzuri, na hadhira ikapiga makofi. Sikuweza kuyapiga.

Inafaa kwa maonyesho ya wazi, shuleni, kwa hadhira ya familia, na kwa mwongozaji ambaye ishara kwake ni chaguo la kisanii.

Neno kuhusu maigizo ya ukatili

Tunaposema faragha jukwaani watu hufikiria mapenzi. Kwa vikundi vingi vya Dar es Salaam kazi inayolipa ni ya uelimishaji: ukatili wa kijinsia, ndoa za utotoni, Ukimwi. Tanzania ina historia ndefu na ya kujivunia ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Mradi wa TUSEME, ulioanza 1996, uliwapa wasichana wa sekondari jukwaa la kuyasema yanayowasibu. Katika kazi hizo ndipo mwigizaji anaburutwa kwa nywele mara mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, sokoni, bila chumba cha kubadilishia nguo na bila dakika ya kufunga. Hilo nalo ni tukio la faragha na linastahili kupangwa. Baadhi ya waigizaji hao wamewahi kufanyiwa hicho wanachokiigiza, na hawatakuambia. Kwa sababu hiyo mwigizaji haulizwi "kwa nini" anapoweka mpaka.

Na aliye chini ya miaka kumi na minane asiwekwe kwenye tukio la namna hiyo kwa njia yoyote kati ya hizi nne. Mtu mzima acheze nafasi hiyo, au isimuliwe.

Kwa hali yako

Kama una wiki tatu, huna fedha, na tukio ni busu moja, anza na swali kama busu linahitajika. Likihitajika, lipange mwenyewe wiki ya kwanza kwa hesabu, meneja wa jukwaa akiandika, na mtu mwingine akiwa wa kupokea malalamiko. Lisipohitajika, tafuta ishara, lakini itafute kwa bidii ile ile.

Kama igizo lina uchi au kubakwa kunakoonekana, na mfadhili yupo, mwite msanifu aliyesomea na mkalimani wa Kiswahili, na wakati huo huo mweke mtu wako wa ndani ajifunze kwake. Akiondoka, mtabaki na daftari pamoja na mtu. Kama mfadhili hayupo, ningeliandika upya tukio hilo kabla ya kuwaweka waigizaji ndani yake.

Kikundi cha kudumu kiwekeze kwa mtu wa ndani mwaka huu, hata kama igizo la mwaka huu halina busu. Ukianza kumtafuta andiko likiwa mezani umeshachelewa kwa miezi.

Kikundi cha uelimishaji mtaani kichanganye ya tatu na ya nne: ishara kwa kitendo chenyewe, mpangilio wa hesabu kwa kuburutwa na kusukumwa, na dakika tano za kufunga ndani ya gari kabla ya kwenda kituo kinachofuata.

Na kama wewe ni mwigizaji, umeletewa nafasi na umeliona tukio kwenye ukurasa wa arobaini, kabla hujakubali muulize aliyekuletea: nani atalipanga, wiki ya ngapi, nani atakuwepo ukumbini siku hiyo, simu zitakuwa wapi, na siku nikiamka siwezi tutafanya nini badala yake. Ukijibiwa "utaona hukohuko", mwombe akuandikie ujumbe wenye majibu kabla ya zoezi la kwanza, na nauli yako usiitumie mpaka ujumbe huo uingie.